KUILINDA MITI YA NYUMBANI NA PANYA NA KOMBA KWA MWANACHAMA AFUGAYE MBWA NA PAKA



Katika kazi ya ukaguzi wa vyama vya msingi mtu huandika mengi juu ya stakabadhi, leja na mizani, na machache sana juu ya miti iliyozunguka nyumba za wanachama wenyewe. Hata hivyo, mara nyingi nikishamaliza kukagua vitabu na kuketi barazani pamoja na wajumbe wa Kamati, swali linaloletwa kwangu si la vitabu. Huulizwa hivi: "Bwana Mkaguzi, vitale vinaanguka, mapapai yanaliwa usiku, na dawa niliyoiweka imemuua mbwa wangu ilhali panya wangali pale pale. Nifanyeje?" Swali hili nimelisikia katika vyama vingi, nami nikaona yafaa lijibiwe katika jarida hili ili Makatibu wapate kulisoma mbele ya wanachama.

Sina budi kukiri kwamba mimi mwenyewe nilijifunza jambo hili kwa hasara. Nyuma ya nyumba yangu pana minazi kumi na minne, miembe miwili na mipapai michache. Msimu mmoja panya waliangusha vitale hata nikawa naona haya kuwakaribisha wageni dafu. Nikanunua chupa ya soda iliyojazwa chembechembe za rangi ya zambarau, isiyo na jina wala maelezo, kwa mtu aliyeniambia kwamba hiyo ndiyo dawa ya panya ya kweli. Nikaichanganya na dagaa nikaitandaza chini ya minazi baada ya magharibi. Kulipopambazuka niliokota panya wawili, kuku saba, na mbwa wetu Simba, aliyekuwa na desturi ya kuwasindikiza watoto hadi njia panda ya shule. Mtoto wangu wa mwisho, aliyekuwa na umri wa miaka minne, alikuwa amekwisha kukishika kipande cha dagaa mkononi. Mama yake akamwahi. Nazi hazikuacha kuanguka. Tangu siku hiyo nimeyafuatilia mambo haya kwa mabwana shamba, kwa mabwana mifugo na kwa wakwezi, na haya nisemayo hapa mengi nimeyajaribu nyumbani kwangu.

KWANZA MJUE MWIZI WAKO

Wengi wetu huona tunda limeanguka tukamtuhumu mnyama wa kwanza tunayemchukia. Hilo ni kosa, maana kila mwizi ana alama yake na kila mmoja ana dawa yake.

Panya wa minazini hukata tundu la duara katika kitale, aghalabu karibu na kikonyo, akanywa maji na kula nyama changa. Tunda huanguka likiwa na tundu hilo. Ukiokota vidaka na vitale visivyo na tundu lolote, bali vina makovu na utomvu ulioganda, usimlaumu panya. Huenda huyo ni mdudu anyonyaye minazi, ambaye adui yake mkubwa ni wale sisimizi wekundu tuwaitao maji moto, wafumao majani kuwa viota. Mwanachama awachomaye moto maji moto kwa sababu wanamuuma anapopanda mti hujiondolea walinzi wasiodai mshahara. Minazi na mikorosho yote miwili hufaidika nao.

Komba hufanya kazi usiku. Hulia kama mtoto mchanga, hula papai upande mmoja akaliacha likining'inia, na mgema yeyote atakueleza jinsi anavyokijua kibuyu cha tembo. Kindi hula mchana, nawe ukitulia utamwona. Popo huacha nyuzi za maembe na kokwa zilizotafunwa chini ya mti. Kwa popo hakuna ukuta wala bati litakalofaa, maana anakuja kwa mbawa.

Kuhusu kima nitasema neno moja tu. Wenzetu wa Zanzibar walio karibu na msitu wa Jozani wamelalamika siku nyingi kwamba kima punju wanawamalizia vidaka. Mwaka 1999 watafiti wawili, Kirstin Siex na Thomas Struhsaker, walichapisha matokeo ya uchunguzi wao katika mashamba hayo. Hawakuona kwamba mavuno yalipungua kwa sababu ya kima. Kinyume chake, palipoliwa vidaka vingi ndipo palipovunwa nazi nyingi zaidi, wakaona kwamba huenda ulaji ule unafanya kazi ya kupunguza matunda yaliyosongamana. Sisemi kwamba kila kima ni kima punju, wala kwamba tumbili aingiaye shamba la mahindi aachwe. Nasema hesabu ifanywe kabla ya hukumu, kama tufanyavyo katika leja.

BATI LA SHINA

Dawa iliyo bora kwa mnazi ni mkanda wa bati laini uliozungushwa shinani. Panya hupanda kwa makucha yake, na juu ya bati laini makucha hayapati mahali pa kushika. Jambo hili halina uchawi wala siri. Hata Australia watu huvika miti yao ya bustani mikanda ya namna hiyo kwa ajili ya mnyama aitwaye posamu, mwenye ukubwa wa paka, abebaye mtoto katika mfuko wa tumboni na kula majani na matunda usiku kama komba wetu. Kule kwao posamu analindwa na sheria, hivyo mwenye bustani hana ruhusa ya kumuua apendavyo, naye hulazimika kutumia akili. Mwaka 1837 mnyama huyo alianza kupelekwa New Zealand kwa ajili ya biashara ya manyoya; huko amezidi kuongezeka hata akawa balaa kwa misitu na ndege wa nchi ile.

Sasa vipimo. Mkanda uwe na upana wa sentimita 40. Ufungwe juu ya ardhi kwa kiasi cha mita 2 au zaidi, mahali ambapo mihogo, mbaazi na majani marefu hayafiki, maana panya akipata mhogo wa kupandia ataruka bati lote bila taabu. Urefu wa mkanda ni mzunguko wa shina pamoja na sentimita 5 za kupandiana. Bati laini la kawaida lenye urefu wa futi 8 na upana wa futi 4, yaani karibu sentimita 244 kwa 122, hukatwa mapande matatu ya sentimita 40 kwa upana, na kila pande hukatwa kati. Kwa hiyo bati moja hutoa mikanda sita, kila mmoja wenye urefu wa sentimita 122, ambao hutosha shina lenye mzunguko usiozidi sentimita 117. Mwanachama mwenye minazi 60 anahitaji mabati kumi. Mimi kwa minazi yangu kumi na minne nilinunua matatu, ikabaki mikanda minne niliyompa jirani. Jambo hilo halikuwa ukarimu mtupu, kama nitakavyoeleza.

Mkanda ufungwe kwa misumari miwili au mitatu mahali pa kupandiana, basi. Ncha za bati zisichomoze, zisije zikamkata mkwezi. Bati la zinki hushika kutu upesi karibu na bahari. La alumini hudumu zaidi, nalo ni ghali zaidi.

Yako mambo manne yanayoifanya kazi hii ishindwe, nami nimeyaona yote.

La kwanza ni makuti yanayogusana. Panya hahitaji kupanda kila mnazi. Akipanda mmoja hupita juu kwa juu kama mtu apitaye barazani. Minazi ambayo makuti yake yanagusana ni mti mmoja mbele ya panya, hivyo ama ifungwe yote au usijisumbue. Ndiyo maana mikanda minne nilimpa jirani, kwa kuwa minazi yake minne ya mpakani inaingiliana na yangu, nami ningekuwa nimefunga mlango wa mbele na kuuacha wazi wa uani.

La pili ni kuufunga mkanda ilhali panya wako juu. Kilele kisafishwe kwanza: makuti makavu, makaka ya nazi na viota viteremshwe, ndipo mkanda ufungwe siku hiyo hiyo.

La tatu ni mkwezi. Mashina mengi yana vidato vya kupandia, na bati huvifunika vingine. Mkwezi asiyeambiwa huweka mguu juu ya bati na kuteleza. Tafadhali, mwenye shamba azungumze na mkwezi kabla ya kufunga, wakubaliane atumie ngazi fupi ya kumvusha mahali pa bati. Nazi hazina thamani ya mgongo wa mtu.

La nne ni mnazi ulioinama sana. Mkanda hausaidii sana hapo, kwani panya hutembea juu ya shina kama juu ya daraja.

Ifahamike pia kwamba mnazi si mwembe. Shina la mnazi likishakomaa haliongezeki unene, kwa hiyo mkanda waweza kukaa miaka bila kuudhuru. Mwembe, mchungwa, mparachichi na mfenesi hunenepa kila mwaka; ukiwafunga kwa misumari na bati lililokazwa, gamba litabanwa, na chakula kitokacho majanini hakitashuka mizizini. Kwa miti hiyo mkanda uwe mpana zaidi, sentimita 60, ufungwe kwa waya ulioachwa na nafasi, na kila mwaka baada ya masika ulegezwe. Hali kadhalika matawi yaliyo karibu na paa la nyumba, ukuta au mti mwingine yapunguzwe mpaka pawe na nafasi ya mita 2 au zaidi. Kazi ya panga hapa ni kubwa kuliko kazi ya bati.

KOMBA HASHINDWI KWA BATI PEKE YAKE

Komba ni mrukaji hodari. Mti uliosimama peke yake waweza kulindwa kwa bati, lakini mti ulio kati ya miti mingine hautalindwa, maana yeye hatembei chini kwa lazima. Kwa hiyo badala ya kuulinda mti, tulinde tunda. Papai livunwe mara lionyeshapo michirizi ya manjano, likamalizie kuiva ndani. Fenesi lifunikwe kwa gunia au pakacha likiwa bado changa. Mikungu ya ndizi hali kadhalika.

Wako wanaotumia nyavu kuukuu za kuvulia samaki. Nyavu hizo nawaomba waziache. Tundu la wavu likiwa kubwa kiasi cha kupitisha kidole, humnasa paka wa nyumbani, bundi na hata nyoka, na asubuhi utakuwa na kazi ya kumkata mnyama aliyekwisha kujisonga. Wavu wa kufunika matunda uwe na vitundu visivyozidi milimita 5, uvutwe ukakazwa, usining'inie.

Mitego ya waya nayo haichagui. Wanyamapori wanalindwa na sheria. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 yakataza kuwinda na kukamata bila kibali. Licha ya sheria, tanzi la waya lililowekwa kwa ajili ya komba humnasa kwanza mbwa wa mwenye shamba, kwa kuwa ndiye apitaye pale kila siku.

HABARI ZA SUMU

Hapa nitakaa kidogo, kwa maana ndipo tunapopoteza.

Sumu za panya zinazouzwa ni za namna mbalimbali, wala hazidhuru kwa njia moja. Ziko zinazozuia damu kuganda. Ya zamani yao ni warfarini, iliyoanza kutumika kuua panya mwaka 1948. Zilizofuata, kama brodifakumu, zina nguvu zaidi. Panya aliyekula hafi siku ile. Hutembea siku kadhaa akidhoofika, na panya dhaifu ndiye anayekamatwa na paka. Hivyo paka hula sumu aliyoandaliwa panya, na bundi vile vile. Mwenye nyumba huona paka wake amelala, ufizi mweupe, damu ikimtoka puani, akadhani ni ugonjwa wa kawaida kwa sababu sumu aliiweka wiki iliyopita naye amekwisha kuisahau. Dawa yake ipo, nayo ni vitamini K1, lakini sharti itolewe na mganga wa mifugo na huendelea kwa majuma.

Iko fosfidi ya zinki, unga wa rangi ya kijivu unaonuka kama kitunguu saumu. Hiyo ikikutana na asidi ya tumboni hutoa gesi yenye sumu, na haina dawa ya kuitangua.

Kisha ziko zile ambazo hazikutengenezwa kwa ajili ya panya kabisa, bali ni dawa za wadudu wa mashambani zinazotumiwa vibaya. Karbofurani ni mfano, chembechembe zilizokusudiwa kufukiwa ardhini, na nina hakika kubwa kwamba ndizo zilizokuwamo katika chupa yangu ya soda. Kiasi kidogo sana humwangusha mbwa kwa mate kumtoka, kutetemeka na kukosa pumzi. Mganga aliye karibu aweza kumwokoa kwa atropini, lakini mara nyingi mganga hayuko karibu.

Mnyama akionekana amekula sumu, apelekwe kwa bwana mifugo mara moja pamoja na pakiti au chombo cha sumu, ili ijulikane ni ipi. Chupa isiyo na maelezo humfanya mganga atibu kwa kubahatisha. Kumnywesha maziwa, kama ilivyo desturi ya wengi, hakutangui sumu, na hupoteza wakati. Kwa mtoto, safari ni ya hospitali, si ya kwa bwana mifugo. Nasema hivi kwa sababu nimeulizwa. Mizoga ya panya waliokufa kwa sumu ifukiwe kwa kina, isitupwe jalalani ambako mbwa wa kijiji kizima huitafuta.

Mintarafu ghala za vyama, nina neno kwa Kamati na Watunza Ghala. Katika chama kimoja, ambacho sitakitaja, nilikuta leja ya dawa za wadudu ikionyesha pakiti kumi na mbili na rafu ikiwa na tisa. Mtunza Ghala alinieleza kwa moyo mweupe kwamba tatu "ziligawanywa kwa wanachama wenye shida ya panya", zikipimwa kwa kikombe cha chai na kutiwa katika chupa na karatasi. Hakuiba hata senti. Lakini dawa iliyotoka ghalani bila pakiti yake imetoka bila jina, na mwenye kuipokea hana njia ya kujua aliyonayo ni nini. Niliandika hoja ya ukaguzi juu ya jambo hilo, nayo ilijadiliwa katika Mkutano Mkuu kwa maneno makali, wengine wakisema Mkaguzi amevuka mipaka yake. Bado naona niliandika sawasawa. Dawa ifungiwe kwa kufuli peke yake, itolewe katika pakiti yake, kwa saini, na kwa kazi iliyoandikwa juu ya pakiti hiyo tu. Na kile kikombe cha chai kisirudi jikoni.

MBWA, PAKA NA SUFURIA ZAO

Watu wengi hufuga mbwa na paka wakitumaini kwamba hao wataondoa panya. Ukweli ni kwamba mara nyingi wao ndio wanaowaleta, si kwa kosa lao bali kwa kosa letu. Sufuria ya ugali wa mbwa iliyoachwa nje usiku, pumba za kuku zilizomwagika bandani, na mabaki ya samaki wa paka ni karamu. Panya hushiba chini, hulala juu ya mnazi, na kitale humtosha kwa kiu. Nilipoanza kuwalisha wanyama wangu saa kumi na moja jioni na kuondoa vyombo kabla ya giza, nikauhifadhi mtama wa kuku katika pipa lenye kifuniko, nilipata nafuu kabla hata ya kufunga bati la kwanza. Kazi hiyo haina gharama, nayo ndiyo wanachama wanaoisahau kwanza.

Paka ni mwindaji mzuri ghalani na jikoni, hasa wa panya wadogo. Kileleni mwa mnazi hafiki. Katika miembe hufika, na asiyeweza kushuka hulia usiku kucha. Mkanda wa bati humzuia yeye pia, jambo ambalo mke wangu alilishukuru kuliko habari za nazi.

Mbwa afungwaye chini ya mti ili amfukuze komba hufanikiwa siku mbili tatu. Baada ya hapo komba hujua urefu wa mnyororo. Mbwa aachwaye huru usiku hutoka mtaani, na akipambana na komba, tumbili au mbwa mwingine aweza kurudi na jeraha. Kwa hiyo mbwa wote, na paka pia, wachanjwe kichaa cha mbwa kila mwaka. Wako wanachama wasiofuga mbwa kwa sababu za dini, nami nawaomba wasiipite aya hii, kwa kuwa paka wao naye aweza kuambukizwa.

Mbuzi nao wametajwa katika barua kadhaa. Mbuzi akimenya gamba la mchungwa pande zote, mti huo hufa hata kama majani yangali mabichi kwa muda. Uzio wa miiba kuzunguka miche, na kamba fupi kwa mbuzi, ndiyo dawa pekee niijuayo.

Rafiki mmoja tuliyemsahau ni bundi. Wapo wanaomfukuza kwa mawe wakiamini analeta kifo. Ndege huyo hula panya kila usiku, na akikaa katika mti wako bila sumu kutandazwa chini yake, atafanya kazi ambayo paka hawezi.

MAAGIZO YA MABATI

Vyama vyenye wanachama wanaohitaji mabati laini vyaweza kuagiza kwa pamoja kupitia Chama Kikuu, jambo ambalo litapunguza gharama ya usafirishaji. Kila Katibu aandike jina la mwanachama, idadi ya minazi, na mzunguko wa shina lililo nene kuliko yote, lililopimwa kwa kamba mita 2 kutoka ardhini. Minazi iliyoinama isihesabiwe. Pale ambapo makuti ya mashamba mawili yanagusana, majina ya majirani wote wawili yaandikwe katika mstari mmoja, ili mikanda yao ifike siku moja.